SOMO: Kuvuta tela au karavani Uingereza kwa leseni ya gari dogo

Tangu tarehe 16 Desemba 2021, England, Scotland na Wales hazidai tena mtihani wa ziada wa tela. Leseni ya daraja B inakutosha kuvuta tela la hadi kilo 3,500. Wengi husoma mpaka hapo tu, wakakimbilia kukodi karavani kubwa. Sheria imekuruhusu wewe. Gari lako bado halijaulizwa.

Hatua ya 1. Geuza leseni usome nyuma. B ikiwepo, endelea. BE (daraja la kuvuta tela zito) isipoonekana usihangaike, DVLA, wakala wa leseni za udereva, wataiweka utakapopata kadi mpya. Ukiona namba 78, utavutia gari la otomatiki tu.

Hatua ya 2, na hapa ndipo watu wanapokwama. Tafuta kibati cha VIN (namba ya utambulisho wa gari), mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Uzito wa kwanza ni wa gari likiwa limejaa abiria na mizigo. Wa pili ni wa gari na tela kwa pamoja. Toa wa kwanza kwenye wa pili. Gari lenye 1,900 na 3,400 likijaa linabakiza kilo 1,500 za kuvuta, basi. Uzito wa pili haupo kabisa? Gari hilo si la kuvuta.

Hatua ya 3. Soma kibati cha tela. Kwa upande wa leseni, kinachohesabiwa ni uzito wa juu ulioandikwa hapo, hata kama leo unalivuta tupu.

Hatua ya 4. Bandika namba ya gari nyuma ya tela, ongeza vioo kama karavani ni pana kuliko gari. Kwenye motorway (barabara kuu ya mwendo kasi) mwisho maili 60 kwa saa.

MASWALI

Swali: Mwalimu, katela kangu ka bustani hakana breki. Vipi?
Jibu: Mwisho kilo 750 au nusu ya uzito wa gari tupu, ile iliyo ndogo. Gari la kilo 1,100 linaishia 550.

Swali: Baba mkwe alipata leseni 1994, anadai yeye hana kikomo.
Jibu: Mzee anacho, ila kikubwa. Waliofaulu kabla ya Januari 1997 wanaruhusiwa gari na tela pamoja hadi kilo 8,250. Kibati cha gari lake hakijali alifaulu lini, mwambie kwa adabu.

Swali: Niko Belfast, ni hivyo hivyo?
Jibu: Hapana dada, huko Ireland Kaskazini mtihani wa BE bado upo.