Tenga ya Januari kabla ya kununua zawadi

Mshahara wa Desemba ukiingia, usianze na orodha ya zawadi. Anza na Januari: kodi ya nyumba, ada, nauli ya kukufikisha mshahara ujao. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, kwa hiyo pesa ileile huenda ikahitajika kukuvusha wiki tano au sita badala ya nne. Hizo za Januari ziweke mahali ambapo si rahisi kuzitoa. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, hata kikiwa kidogo.

Halafu sema mapema. Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu ya haya. Presha kubwa ya msimu huu, kwa maoni yangu, haitoki dukani. Inatoka kwenye matarajio ya ndugu. Ujumbe mfupi unatosha: "Mwaka huu nitachangia kiasi hiki, zaidi ya hapo sitaweza." Ukisema wiki mbili kabla, watu wanajipanga. Ukisema siku yenyewe, unaonekana umewatupa. Familia ikiwa kubwa, pendekeza kila mtu mzima aokote jina moja kwa bahati nasibu, amnunulie huyo tu. (Wapo watakaonuna. Watazoea.)

Na mkopo wa sherehe, ukwepe. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini ukikopa 100 ukakaa miezi mitatu bila kulipa chochote, unadaiwa 130. Riba ikitozwa juu ya riba, inapita 133, na hapo bado hujahesabu faini za kuchelewa.