Kusafisha na kupunguza vifaa vya nywele nyumbani

Anza kwa kutupa, ndipo uoshe. Maji yenyewe ni ya mgao, huna haja ya kumaliza beseni zima kwa chanuo litakaloishia kwenye taka. Tandaza taulo jeupe sakafuni, umwage kila kitu: vichana, brashi, rola, pini, blodraya, pasi ya nywele.

Pitisha kidole kwenye meno ya kila chanuo. Jino lililovunjika hukata nywele, basi chanuo hilo liende. Pini iliyopoteza kitone cha plastiki kwenye ncha hukwaruza ngozi, nayo iende. Blodraya zikiwa tatu, bakisha moja ya nguvu na umpe jirani nyingine ikiwa bado nzima.

Vya plastiki ndivyo rahisi. Toa nywele kwa ncha ya chanuo la mkia, uzitupe kwenye taka, la sivyo sinki itaziba. Loweka dakika 20 kwenye maji ya moto yenye kijiko kimoja cha sabuni ya vyombo kwa kila lita, kisha sugua kwa mswaki mzee pale meno yanapoota. Hapo jeli, mafuta na mba hugandana kuwa utando wa kijivu. Kukiteleza bado, rudia.

Baadaye ndipo Jik: vijiko vikubwa viwili (mililita 30) kwa lita moja ya maji baridi, dakika 10, kisha suuza vizuri. Wengi hukimbilia Jik moja kwa moja, na uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafikia vijidudu. Usiichanganye kamwe na siki, maana hutoa gesi ya klorini. Vya chuma usivitie humo, vitashika kutu. Vipanguse kwa spiriti. Kama kuna mtoto mwenye chawa, loweka vichana dakika 10 kwenye maji yaliyozidi nyuzi 55.

Chanuo la mbao halilowekwi, litapasuka. Brashi yenye mto wa mpira pia usiizamishe: maji huingia kwa kile kitundu kidogo, hukaa chini ya mto na kuota ukungu. Chovya nywele zake tu, kisha ianike ikiwa imeangalia chini.

Sasa blodraya, inayosahaulika kuliko zote. Chomoa plagi, igeuze nyuma, uangalie wavu pale hewa inapoingilia. Mara nyingi utakuta blanketi la vumbi na nyuzi. Hewa isipopita, joto hurundikana ndani, swichi ya usalama huizima katikati ya kazi, na ile harufu ya kuungua ni vumbi kwenye koili. Wavu ukifunguka, utoe na uuoshe. Usipofunguka, futa kwa mswaki mkavu. Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Chanuo lake la mdomoni huoshwa kama plastiki nyingine.

Pasi ya nywele hufutwa ikiwa imechomolewa na kupoa, kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Spiriti hushika moto, kwa hivyo usiharakishe. Mafuta yaliyoungua yapake baking soda iliyokorogwa na maji kidogo, subiri dakika 10, futa. Usiguse kwa stilwulu: itakwaruza bamba, na bamba lililochubuka hunasa nywele.

Mashine ya kunyoa: fungua skrubu mbili, pangusa nywele, futa visu kwa spiriti, tia matone mawili au matatu ya mafuta ya mashine. Mafuta ya kupikia hugandamana. Ukirudisha, kisu cha chini kitangulie cha juu kidogo. Vikilingana, mashine itauma shingo.

Usizungushe waya kwa kuukaza kwenye kifaa; hukatika karibu na mpini. Ukunje kilegevu, uhifadhi mbali na unyevu wa bafu. Kifaa cha stima kilichokufa usikitupe na taka za mtaa: WEEE Centre hapa Nairobi hupokea vifaa vya kielektroniki vilivyokwisha.