Kabati la gemu la kujitengenezea: kingo zisizobanduka na paneli inayotoka bila kubomoa

Wadau, kabati langu la kwanza la gemu, yaani lile boksi la kusimama lenye skrini, paneli ya batani (ubao wa mbele wanapochezea) niliifunga kwa gundi na misumari nikaona ndo uimara wenyewe, haikupita miezi mingi batani moja ikafa, yaani kile kiswichi cha ndani tu, kitu cha kubadilisha dakika mbili, ikabidi niingie na nyundo na patasi na bodi ikapasuka pembe nzima. Watoto wa mtaani huku Nkuhungu, Dodoma, wamesimama mlangoni wanauliza anko lini tena. Tangu siku iyo msimamo wangu ni mmoja, batani zitakufa na joistiki (kile kijiti cha kuelekezea) italegea, kwaiyo paneli lazima itoke, na hilo unaliamua kabla hujakata ubao wa kwanza.

Tuanze na kingo. Wengi tunatumia MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, wa milimita 18 mana shiti lake kubwa, 1220 kwa 2440, na halina mafundo. Uso wake mgumu ila ukingo ulipokatwa ni kama mkate, weka tone la maji pale uone linavyozama, na ukipaka rangi moja kwa moja inanyonywa yote afu inabaki manyoyamanyoya. Dawa yake piga msasa namba 120, chukua gundi nyeupe ya mbao changanya na maji nusu kwa nusu, paka kwa brashi, acha ikauke kabisa, pita na msasa 240, rudia tena. Baada ya hapo ukingo unakuwa laini kama uso na rangi inakaa. Kingo za chini usiziruke kwa sababu hazionekani, izo ndo zinakunywa maji kila mtu akipiga deki, mi naziziba mara tatu afu kabati nalipandisha kwa vipande vya tairi.

Yale makabati ya akedi (gemu za kulipia kwa sarafu) ya Marekani ya miaka ya 80 mengi yamezungushiwa plastiki yenye umbo la T, mguu wake una meno na unaingia kwenye mfereji uliochimbwa katikati ya ukingo kwa rauta (mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao), mfereji mwembamba sana, kati ya milimita 1.6 na 2.4 kutegemea plastiki uliyonayo. Ukiipata usichimbe kwenye kabati kabla hujajaribu kwenye kipande cha kutupa, ikiingia kwa kidole tu mfereji ni mpana itachomoka, inatakiwa uigonge na nyundo ya raba. Kwenye kona kali unakata V kwenye mguu ili ikunje bila kuinuka.

Mi hiyo T madukani hapa Dodoma sijawahi kuikuta, natumia ejingi ya kupiga pasi, ukanda mwembamba wa kufunika kingo wenye gundi kavu nyuma. Pasi iwe ya moto wa wastani, weka karatasi nyeupe juu ya ukanda ili usiungue, sukuma taratibu mpaka uone kamstari kembamba ka gundi kanachungulia pembeni, hapo ndo imeyeyuka, ukiona hakajatoka bado rudi. Ukishapita tu chukua kipande cha mbao ukandamize huku unasugua mpaka ipoe, watu wengi wanaacha ikiwa ya moto afu wanalalamika imebanduka. Ziada usiivute kwa mkono, kata kwa kisu kikali afu malizia na tupa ndogo, ulaze kama nyuzi 45, ukisukuma kwenda chini tu, ukivuta kurudi juu unainua ukanda.

Sehemu moja ejingi siiamini, ukingo wa mbele wa paneli pale viganja vinapolala. Jasho na kusuguliwa vinaibandua. Pale nabandika kibao cha mninga kama sentimita 2, na iwe mninga mkavu kweli, kuna mzee fundi jirani yangu aliniambia "mwanangu, mbao mbichi kwa jua hili la Dodoma itakuachia mwanya," na ni kweli kabisa. Ukishakauka naulainisha kwa randa na msasa mpaka uwe mviringo.

Sasa paneli. Pembeni mwa kabati kwa ndani funga vipande vya mbao vya mbili kwa mbili, paneli italala juu yake, ila pima kwanza joistiki inashuka kiasi gani chini isije ikagonga. Ukingo wa nyuma unachomekwa chini ya kibao cha skrini kama ulimi, unaulaza, afu mbele unabana na lachi mbili za kuvuta, zile zilizopo kwenye maboksi ya spana. Lachi ziwe ndani, uzifikie kupitia kamlango ka mbele, zikiwa nje zinaumiza mapaja ya mchezaji na mtoto mtundu atazifungua. Skurubu za lachi zishike kwenye mbao, sio kwenye ukingo wa MDF, ukifungua na kufunga mara kadhaa MDF inabaki unga. Toboa kwanza kwa drili ya milimita 3.

Waya ndo panapowashinda wengi. Usipeleke waya wa kila batani mpaka kwenye kompyuta, ile bodi ndogo ya kusoma batani ifunge chini ya paneli yenyewe, waya zote ziishie pale, chini inatoka kebo moja tu ya USB. Ikaze kwa klipu ili isivute bodi, acha ziada ya sentimita 30 au zaidi, siku ya matengenezo unafungua lachi, unainua, unachomoa kebo moja, paneli nzima unaipeleka mezani.

Kabla ya kufunga bandika sponji ya milango juu ya vile vipande vya mbao. Inazuia paneli kugongagonga watu wakipiga batani kwa hasira, na inapunguza vumbi, mana kiangazi hapa upepo ukianza linaingia kila tundu. Hata ivo langu nalifungua mara kwa mara nalipangusa kwa brashi laini, dakika tano limerudi watoto wanaendelea.