Kupanga mradi wa nishati ya taka za mbao: mwongozo kwa wenye viwanda vya Mufindi na Njombe

Ukitoka Mafinga kuingia upande wa Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini Tanzania, utakuta kwamba karibu kila palipo na dingdong, mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishika, pana pia lundo la vumbi la mbao linalofuka moshi. Moto huo haukuwashwa kwa ajili ya kupika wala kukausha chochote. Unachoma tu mali ambayo mwenye kiwanda ameilipia pale aliponunua gogo, na moshi wake unaingia vifuani mwa wafanyakazi wanaopasua mbao hatua chache kutoka hapo. Wengi wanaotaka kuiokoa mali hiyo huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Swali hilo huja mapema mno, kwa sababu mradi wa nishati ya taka za mbao huamuliwa na mambo matatu yanayotangulia mashine: taka ni kiasi gani hasa, zina maji kiasi gani, na nani aliye karibu anahitaji joto.

Anza na mzani. Kwa wiki mbili za kiangazi na wiki mbili za masika, pima kila kinachotoka kiwandani, ukitenganisha vumbi la mbao, maranda, mabanzi na magome, kwa kuwa kila kimoja kina matumizi yake na soko lake. Usikadirie kwa macho, maana lundo lililokusanyika miaka mitano humdanganya mtu akadhani ndilo zao la kila mwaka. Andika pia kile ambacho tayari kina mwenyewe: wafugaji wa kuku huchukua maranda kwa matandiko ya mabanda, wachoma matofali hununua mabanzi, na wanakijiji huyatumia kwa uzio na kuni. Taka ambayo mtu anaifuata leo kwa mkokoteni itakuwa na bei siku utakapotangaza kwamba unaihitaji, na bei hiyo iingie katika hesabu tangu mwanzo.

Baada ya uzito, pima maji. Kazi hii haihitaji maabara. Chimba mkono mzima ndani ya lundo, kwa maana tabaka la juu limekaushwa na jua na halisemi ukweli, uchukue kilo moja kutoka sehemu tano tofauti, uchanganye, kisha upime gramu 1,000 kwa mizani ya jikoni. Tandaza kwenye sinia, weka ndani ya oveni yenye nyuzi joto 105 mpaka uzito uache kupungua, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku moja. Zikibaki gramu 520, maji yalikuwa asilimia 48 ya uzito wote. Msindano uliopasuliwa ungali mbichi mara nyingi hukaribia nusu kwa nusu namna hiyo, na kipindi cha mvua za Mufindi, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lundo lisiloezekwa huvuka hapo.

Ninasisitiza unyevu kwa sababu ndio unaoua miradi. Kilo moja ya mti mkavu kabisa hutoa nishati ya takriban megajuli 18 au 19. Ikiwa nusu yake ni maji, hubaki kama megajuli 8, kwa kuwa sehemu ya moto hutumika kuyachemsha maji hayo na kuyatoa kwa bomba la moshi. Mashine za kushindilia mkaa mbadala au peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) hutaka unga wenye unyevu wa asilimia 10 hivi, na kuufikia kutoka asilimia 50 maana yake kila tani moja inayoingia lazima ipoteze kilo 444 za maji na kukuachia kilo 556 tu za bidhaa. Nimeiona mashine ya namna hiyo ikifungwa kwenye banda zuri la mabati kabla mwenyewe hajapima unyevu hata mara moja. Vipande vilitoka vikifuka mvuke, vikapasukapasuka mkononi kama tope la bwawa lililokauka, na baada ya msimu mmoja mashine ikafunikwa turubai. Hakukuwa na kosa lolote kwenye mashine. Kilichokosekana ni banda la kuanikia na chanzo cha joto la kukaushia, vitu viwili ambavyo vingegharimu kidogo kuliko mashine yenyewe.

Sasa fanya hesabu ya matumizi. Tuchukue mfano wa kiwanda kinachopasua mita za ujazo 20 za magogo kwa siku na kupata mita 8 za mbao, yaani asilimia 40. Taka zake ni mita 12, ambazo zikiwa mbichi zina uzito wa kama tani 10, na nishati yake ni takriban megajuli 80,000, sawa na kilowati-saa 22,000 za joto. Ukiamua kuzalisha umeme kwa mtambo mdogo wa mvuke, unaogeuza labda asilimia 15 ya joto hilo, utapata kilowati-saa 3,300 kwa siku, ambazo ni kama kilowati 140 mfululizo usiku na mchana. Lakini ukitumia joto lenyewe kukausha mita zako 8 za mbao katika tanuri, utahitaji takriban robo tu ya taka hizo, na mbao kavu huuzwa kwa bei bora kuliko mbichi. Kwa maoni yangu, kiwanda cha ukubwa huu kianze na joto, na umeme usubiri hadi joto liwe limekwisha kupata mtumiaji.

Njia hiyo ina ushahidi karibu. Mjini Njombe, kampuni ya TANWAT ilianza mwaka 1995 kuendesha mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaochoma mabaki ya miti, na mtambo huo ulijengwa kando ya kiwanda cha kukamua tanini (dawa ya kutengenezea ngozi) ya magome ya miwati, kazi inayohitaji mvuke kila siku. Huko Mufindi, mtumiaji wa namna hiyo ni kiwanda cha chai, ambacho huchoma kuni za mikaratusi ili kukausha majani. Mfuate meneja wake ukiwa na matokeo ya mizani na oveni, umweleze bei yako kwa megajuli badala ya kwa lori, kwa sababu lori la mabanzi makavu na lori la mabanzi mabichi si mzigo mmoja hata kama yanajaa sawasawa.

Taka za kununua kutoka kwa wenzako ziwekee mkataba wa maandishi, tena uangalie ni nani unayeandikiana naye. Wapasuaji wengi wadogo huhamisha mashine kufuata maeneo ya uvunaji, na asiyepata kibali cha magogo kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, mwaka ujao hatakuwa na vumbi la kukuuzia. Hivyo panga mradi kwa kiasi ambacho wauzaji wawili au watatu wa uhakika wanaweza kukitoa, si kwa jumla ya wote walioitikia kwa kichwa kikaoni. Matawi na majani yaliyobaki msituni usiyahesabu yote kuwa yako, kwa kuwa udongo unaotarajiwa kukuza miti mingine unayahitaji.

Kuna kitu kimoja kisichoruhusiwa kuingia kwenye moto kwa hali yoyote: mabaki ya nguzo za umeme na mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki, ambazo mara nyingi hujulikana kwa rangi yake ya kijani. Aseniki haiungui ikaisha. Sehemu hutoka na moshi na sehemu hubaki kwenye majivu. Majivu ya mti safi, kwa upande mwingine, hupunguza uchachu wa udongo na huufaa mahindi, ingawa hayafai kumwagwa katika chai, ambayo hupenda udongo wenye uchachu.

Kuhusu vibali, peleka maelezo ya mradi NEMC, baraza la taifa la mazingira, mapema ili ujue kiwango cha tathmini ya athari kwa mazingira unachotakiwa kufanya chini ya sheria ya mazingira ya 2004. Boila la mvuke ni la kukaguliwa chini ya sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA. Ukitaka kuiuzia TANESCO umeme, zungumza na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuhusu utaratibu wa wazalishaji wadogo, unaohusu mitambo ya kati ya kilowati 100 na megawati 10.

Mwisho, chora ramani ya eneo kabla ya kumwaga zege. Banda la taka likae mbali na tanuri na upande ambao upepo hauchukui cheche kulielekea, lundo lisirundikwe juu sana kwa kuwa vumbi bichi huchemka lenyewe ndani kwa ndani hadi kuwaka, na vumbi kavu lifagiliwe kila zamu juu ya boriti na mota, maana likipeperuka hewani likakutana na cheche hulipuka. Acha njia ya lori kugeuka, na bomba la maji lifike nyuma ya lundo, si mbele yake tu.