Ngumi zikipigwa kwenye mechi ya kirafiki ya kikapu: namna ya kugawa lawama

Baada ya ngumi kupigwa uwanjani kila mtu huuliza nani alianza, na swali hilo ndilo linaloharibu ripoti nyingi. Aliyegusa kwanza ni mmoja. Yupo pia aliyerudisha kwa nguvu kupita kiasi, wapo walioinuka benchi, na wapo waliopewa kazi ya kuzuia mambo yasifike huko. Kila mmoja ana kosa lake na ushahidi wake. Ukiwachanganya, adhabu humwangukia yule aliyeonekana vizuri zaidi kwenye kamera.

Maelezo haya ni ya yeyote anayetakiwa kuandika ripoti: kamishna wa mechi, mjumbe wa kamati ya nidhamu, kiongozi wa msafara, hata mwandishi wa habari za michezo.

Jua kwanza mechi ni ya nani

Mechi ya mashindano ina kanuni zilizoandikwa na kamati inayosubiri. Mechi ya kirafiki mara nyingi ina barua ya mwaliko tu. Kabla hujafungua video yoyote, pata majibu ya maswali manne: mechi ilichezwa kwa sheria zipi, waamuzi waliteuliwa na nani, nani aliwajibika kwa ulinzi, na adhabu inatoka chombo gani. Jibu la swali la pili lichunguze hasa. Mwenyeji akiwa ndiye aliyeleta waamuzi wote, hilo peke yake si kosa, lakini liandike ukurasa wa kwanza.

Neno "kirafiki" lisikudanganye kuhusu adhabu. Tarehe 19 Agosti 2010 huko Athens, Ugiriki na Serbia zilikuwa zikijipima kwa ajili ya Mashindano ya Dunia. Ugomvi ukazuka dakika za mwisho, na Nenad Krstić wa Serbia akarusha kiti kikampata Ioannis Bourousis wa Ugiriki. Krstić alilala mikononi mwa polisi. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ikamfungia mechi 3, na Mserbia mwenzake Miloš Teodosić pamoja na Wagiriki Antonis Fotsis na Sofoklis Schortsanitis mechi 2 kila mmoja, zote za kutumikia kwenye Mashindano ya Dunia kule Uturuki. Kwa timu za taifa, basi, upo mkono unaofika. Ikiwa ni klabu dhidi ya chuo kikuu kilicho ziarani, mkono huo mara nyingi ni mfupi, na ripoti yako huenda ikawa ndiyo hukumu pekee itakayopatikana. Sababu zaidi ya kuiandika sawasawa.

Vitu vya kukusanya siku hiyohiyo

Anza na karatasi ya matokeo, pande zote mbili. Kwa sheria za FIBA mwamuzi mkuu hutakiwa kutoa taarifa ya kila faulo ya kumtoa mchezaji kwa waandaaji, na akishatia saini, kazi ya waamuzi kwenye mechi hiyo imekwisha. Kilichosahaulika hapo hakirudi kirahisi. Soma alama zenyewe: U ni faulo isiyo ya kiuanamichezo, D ni ya kutolewa, B ni ya kiufundi aliyoandikiwa kocha kwa sababu ya benchi lake. Ukiona video ya watu sita wakitoka benchi halafu karatasi haina D hata moja ya mchezaji wa akiba, umeshapata kosa la kwanza la waamuzi.

Kisha video. Picha za televisheni hufuata mpira, na pigo la kwanza mara nyingi hutokea mbali na mpira. Omba rekodi ya kamera iliyofungwa juu ikionyesha uwanja mzima. Timu nyingi huwa nayo kwa ajili ya uchambuzi wa makocha. Video za simu zina faida moja kubwa, yaani sauti, na hasara moja kubwa: karibu zote zinaanza baada ya kelele. Mtu hachomoi simu mpaka kuna jambo. Kwa hiyo video ya simu haiwezi kukuambia nani alianza, hata ikiwa imetazamwa na watu milioni.

Kuziunganisha, tafuta tukio moja linalosikika au kuonekana kwenye rekodi zote. Filimbi iliyosimamisha mchezo inafaa. Taa nyekundu ya ubao wa goli, ile inayowaka muda wa robo ukiisha, inafaa zaidi. Hapo ndipo sekunde sifuri. Kutoka hapo songa picha moja moja. Rekodi ya picha 25 kwa sekunde inakupa hatua za sekunde 0.04, na hizo zinatosha kuona kiwiko kilitangulia au mkono ulitangulia. Usitumie mwendo wa pole kupima nguvu ya pigo: kila msukumo ukipunguzwa kasi huonekana wa makusudi. Mwendo wa pole ni wa kujua mpangilio. Nguvu ipime kwa mwendo wa kawaida.

Tengeneza jedwali lenye safu tano: sekunde, namba ya jezi, alikuwa wapi, alifanya nini, rekodi gani inaonyesha. Safu ya tatu ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua kesi nyingi.

Rudi nyuma ya pigo la kwanza

Jedwali lisianzie kwenye ugomvi. Anzia angalau robo moja nyuma, uangalie faulo ngumu ambazo hazikupulizwa, maneno kati ya wachezaji walewale wawili, na kocha alisema nini wakati wa mapumziko mafupi.

Mfano wa Beijing unafundisha hapa. Tarehe 18 Agosti 2011 chuo kikuu cha Georgetown cha Marekani kilicheza mechi ya kirafiki na Bayi, timu ya jeshi la China. Matokeo yakiwa 64 kwa 64 katika robo ya nne, benchi zote mbili ziliingia uwanjani, viti vikarushwa, watazamaji wakatupa chupa za maji, na kocha wa Georgetown, John Thompson III, akawaondoa wachezaji wake. Takwimu zilizoripotiwa: Georgetown faulo 28, Bayi 11, mitupo huru 57 kwa Bayi, 15 kwa Georgetown.

Wengi waliishia hapo na kusema waamuzi ndio walioleta vita. Subiri kidogo. Faulo 28 mara mitupo miwili ni 56. Hata kila faulo ikiwa ya mitupo miwili, 57 haifikiwi bila kuwepo pia za mitupo mitatu au za kiufundi, ilhali kwa sheria za FIBA faulo za kawaida nne za kwanza za timu katika kila robo hazileti mitupo isipokuwa zikifanywa kwa mtu anayefunga. Hesabu hiyo haithibitishi upendeleo wala haiukanushi. Inakuonyesha ufungue karatasi ya matokeo ujue ni faulo za aina gani, za robo ipi, na mpuliza filimbi alikuwa nani. Tofauti ya faulo inaweza kutokana na timu moja kukaba kwa mikono uwanja mzima huku nyingine ikikaba kwa ukanda, kila mchezaji akilinda eneo lake. Inaweza pia kuwa filimbi ya upande mmoja. Angalia faulo kumi au kumi na tano moja moja, kisha useme.

Na hata ukikuta filimbi ilikuwa mbovu, hiyo ni lawama ya waamuzi kwa kuacha joto lipande. Haimpunguzii chochote aliyempiga mtu aliye chini.

Benchi

Hapa ndipo penye ushahidi rahisi kuliko kote, na ajabu ni kwamba ndipo panaposahaulika. Sheria ya FIBA kuhusu kupigana haihitaji mchezaji wa akiba apige mtu: akitoka eneo la benchi wakati wa ugomvi, au hali inayoweza kuzaa ugomvi, anatolewa. Anayeruhusiwa kutoka ni kocha mkuu na msaidizi wake wa kwanza, kwa sharti moja: wawasaidie waamuzi kutuliza. Akitoka akasimama tu mikono kiunoni, naye anatolewa.

Chukua orodha ya majina, weka alama kwa kila aliyevuka mstari, na sekunde aliyovuka. Halafu tenganisha aliyekwenda kuamulia na aliyekwenda kupigana. Kwa sheria wote wana kosa. Kwa uzito hawalingani. Anayeamulia humkumbatia mwenzake na kumvuta nyuma. Anayemshika mpinzani mikono wakati mwingine anapiga haamulii, hata akiapa.

Kupima uzito

Mambo yanayoongeza uzito, kwa mpangilio ninaoutetea: kutumia kitu kama kiti; kumpiga aliyeanguka au asiyekuona; watu wengi kumvamia mmoja; kukimbia kutoka mbali kuingia ugomvini; kurudi baada ya kutenganishwa. Kuchokozwa kunapunguza kidogo tu, tena kwa aliyejibu papo hapo. Aliyejibu baada ya sekunde nane alikuwa na muda wa kuamua.

Mfano bora wa kujifunzia haukuwa mechi ya kirafiki bali ya kufuzu Kombe la Dunia: Ufilipino na Australia, 2 Julai 2018, Bocaue, Ufilipino. Roger Pogoy wa Ufilipino alimwangusha Chris Goulding wa Australia, Daniel Kickert, Mwaustralia mwingine, akaja na kiwiko kwa Pogoy, na benchi la Ufilipino likamiminika. Waamuzi walitoa wachezaji 13: Wafilipino 9, Waaustralia 4. Baadaye FIBA ikafungia wachezaji 13 pia, lakini si walewale: Wafilipino 10 na Waaustralia 3. Goulding, aliyetolewa siku ile, hakufungiwa. Kickert alipata mechi 5 na Pogoy mechi 5. Kocha wa Ufilipino, Chot Reyes, aliadhibiwa kwa kuchochea, mashirikisho yakatozwa faini ya faranga za Uswisi 250,000 kwa Ufilipino na 100,000 kwa Australia, na waamuzi wenyewe wakaondolewa kwenye mechi za kimataifa kwa mwaka mmoja. Aliyeanza, aliyejibu, benchi, kocha, shirikisho, filimbi: kila ngazi ilipata fungu lake.

Mwenyeji na ulinzi

Uliza walinzi walikuwa wangapi, walisimama wapi, na walichukua muda gani kufika. Viti vilivyorushwa vilikuwa vimefungwa pamoja au huru? Chupa ziliingiaje? Watazamaji waliofika uwanjani walipita mlango upi? Mgeni akipigwa na mtu asiye na jezi, lawama hiyo ni ya mwenyeji moja kwa moja.

Kuandika

Andika sentensi moja kwa mtu mmoja na tendo moja: "Namba 9 alivuka mstari wa benchi sekunde ya 4, akampiga namba 15 mgongoni, rekodi ya pili." Epuka "timu ilivamia", maana timu haina mkono. Usiandike "alikusudia" kama huna neno alilosema au mwendo unaoonyesha hivyo. Pale rekodi mbili zinapopingana, andika kwamba jambo hilo halijathibitika, na usimgawie mtu lawama yake. Rasimu ikikamilika, mpe kila upande ukurasa unaowahusu watu wake pekee, wajibu kwa maandishi ndani ya saa 48. Ukiwapa ripoti nzima watajibu ya wenzao na kuacha yao.