Wasifu wa mzee wako: namna ya kuuandika kabla ya arobaini

Siku ya tatu ya msiba wa Baba, tulipoanua tanga, kaka yangu alisoma karatasi mbele ya watu. "Marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, mpenda watu na mwenye kuijali familia yake." Mistari sita. Niliiandika mimi mwenyewe usiku, macho yamevimba. Watu wakaitikia, dua ikasomwa, chakula kikapakuliwa. Wakati wa kuondoka, mama mmoja anayeuza vitumbua huku kwetu Ngamiani, mjini Tanga, alinishika mkono mlangoni. "Mwanangu, mume wangu alipofariki sikuwa na senti. Baba yako ndiye aliyemwosha na kumvisha sanda, na mpaka anaondoka duniani hakuniuliza kitu. Nilidhani mtalitaja."

Sikulijua. Nimelelewa nyumba ile, nimeolewa nikitokea nyumba ile, na sikulijua.

Tulikuwa na siku thelathini na saba mpaka arobaini. Nikanunua daftari, nikaanza upya. Tangu hapo majirani wameniita zaidi ya mara moja niwasaidie wasifu wa wazee wao, na haya ndiyo ninayowaambia.

Usianze kuuliza nyumbani. Sisi wa nyumbani tunamjua mzee anapovua viatu. Kazi yake kwa watu ilifanyika huko nje. Nenda barazani wanapocheza bao, nenda msikitini baada ya Alasiri, nenda kwa waliofanya naye kazi. Wanawake hutawakuta barazani, kwa hiyo ingia uani, kaa kwenye mkeka, wasaidie kuchambua mchicha. Wao ndio wanaojua nani alileta unga mwaka ule wa shida.

Ukiuliza, usiseme "alikuwa mtu wa namna gani?" Jibu lake ni moja tu mji mzima: "Mtu mzuri sana, Mungu amrehemu." Uliza hivi: "Mara ya mwisho alipokuja hapa, alikuja kufanya nini?" Kisha fuatilia. Ilikuwa saa ngapi? Alikuja na baiskeli au kwa miguu? Ameshika nini? Alisema neno gani? Mzee mmoja aliyekuwa karani pamoja na Baba bandarini alinijibu swali la kwanza kwa maneno mawili. Nilipomuuliza Baba alikuwa akikaa wapi wakati wa kuhesabu robota za mkonge, alizungumza mpaka Magharibi. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukapelekwa kwa tishari, chombo cha kuvushia mizigo. Baba alikuwa na penseli sikioni, na kila hesabu aliirudia mara mbili, kwa sababu robota moja likikosekana lilikatwa kwenye mshahara wa kuli, si wake yeye. Hili nalo hatukulijua.

Halafu rudi nyumbani, ufungue sanduku. Tafuta kadi ya kazi, kitabu cha NPF (mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ndio uliokuja kuwa NSSF), kadi ya chama, hati ya ndoa, na migongo ya picha, maana wazee wetu waliandika nyuma ya picha. Muhimu kuliko vyote, fungua msahafu wa zamani kwenye jalada la ndani. Babu yangu aliandika pale kuzaliwa kwa kila mtoto, na ya Baba inasomeka: 12 Mfungo Sita 1361.

Hapa watu wengi hukwama, na nimeona ndugu wakigombana mbele ya wageni. Shangazi alisema Baba amefariki na miaka 79. Kitambulisho kilisema 77. Wote wawili wako sahihi. Mwaka wa Hijria unafuata mwezi, nao ni mfupi kwa siku kama kumi na moja kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo kila miaka 33 hivi mtu anaongeza mwaka mzima. Mfungo Sita 1361 inaangukia mwezi Machi 1942. Baba alifariki Mfungo Mosi 1440, Juni 2019. Hesabu mwenyewe: kwa Hijria 79, kwa Miladia 77. Andika zote mbili, Shangazi atulie. Ukihesabu mifungo, anza mwezi unaofuata Ramadhani: huo ndio Mfungo Mosi, na Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi. Na kweli, Bibi alikuwa akisema siku zote kwamba Baba alizaliwa siku ya Maulidi, sisi tukadhani ni maneno ya mapenzi tu.

Pasipo na karatasi, tumia matukio. Usimuulize mzee "mwaka gani?" Muulize, "Ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha au baada?" Azimio ni 1967. Uhuru 1961, Muungano 1964, vita vya Kagera vilianza 1978, mvua za El Nino 1997. Mjomba hakukumbuka kisima cha mtaa wetu kilichimbwa lini, ila alikumbuka kwamba waliokichimba walikuwa wakisikiliza habari za vita redioni. Hiyo inatosha kuandika "wakati wa vita vya Kagera". Usibuni tarehe ili kupamba.

Sasa kuandika. Ushauri wangu ni usianze na "marehemu alizaliwa". Kuzaliwa kutakuja. Anza na jambo moja alilolifanya kwa mikono yake, uliandike kwa karibu mpaka msikilizaji alione. Mimi nilianza na mkasi.

Baba alikuwa na mkasi mmoja uliofungwa kwa kitambaa cheupe, juu ya kabati, na ole wake atakayekatia karatasi. Ulikuwa wa sanda. Pembeni yake kulikuwa na jora la bafta, vichupa vya kafuri na udi, na daftari la michango ya msikiti. Mtu akigonga usiku, Baba alitandika jamvi ukumbini, akalikunjua jora, akapima kwa mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mwanamume vipande vitatu, mwanamke vitano. Alitia mkasi kidogo tu pembeni, kisha akaichana bafta kwa mikono miwili. Sisi watoto tulilala chumba cha pili. Sauti ile ya kitambaa kuchanika ndiyo iliyotuambia kwamba kuna mtu kafariki mtaani, kabla ya mtangazaji kupita. Akimaliza alikunja vipande, akatawadha, akatoka. Asubuhi alikuwa bandarini kama kawaida.

Niliyaandika hayo tu. Sikuandika "alijitolea", wala "mcha Mungu". Maneno hayo yamesemwa juu ya kila maiti, hayambebi mtu yeyote tena. Kama mzee wako alikuwa akiwahi Alfajiri, andika alipita njia gani na alimgongea nani dirisha njiani. Kama aliimba kwaya kanisani miaka ishirini, andika alisimama safu ya ngapi na nani alimfundisha sauti.

Lakini chunga heshima ya waliosaidiwa. Sadaka ya Baba ilikuwa ya siri, naye aliificha kwa makusudi. Nilirudi kwa yule mama wa vitumbua, nikamuuliza kama anaridhia. Akasema, "Sema jambo, jina langu liache." Basi taja tendo, muache mtendewa. Ukiona huwezi kulisimulia bila watu kumjua, liache kabisa.

Ya nyumbani, chagua moja au mawili. Mimi nilichagua nywele. Mama alilazwa hospitali karibu mwezi mzima nilipokuwa darasa la pili, na Baba ndiye aliyetutengeneza sisi mabinti watatu kila asubuhi. Alitukalisha kwenye kibao cha mbuzi, mafuta ya nazi kwenye kisahani, kitana mkononi, akagawa nywele kwa uangalifu uleule aliopimia bafta. Mistari ilikwenda upogo. Tulikwenda shule hivyo hivyo na hatukumruhusu mtu mwingine atufumue. Siku ya arobaini, kaka alipofika hapo, Mama alicheka kwa sauti huku machozi yakimtoka, na wanawake wote uani wakacheka naye.

Orodha ya watoto iandike mwisho, na uihakiki na mkubwa wa ukoo kabla haijasomwa. Waandike kwa kufuatana kuzaliwa, bila kuwatenga kwa mama zao, na waliotangulia wawemo. Sisi tulikaribia kumsahau ndugu yetu wa Pangani, mtoto wa mke wa kwanza, kwa sababu tu hakuwepo siku ya tatu. Shangazi ndiye aliyenishtua. Jina moja likikosekana, jeraha lake haliponi kwa kuomba radhi.

Madeni hayaingii kwenye wasifu. Yatangazwe mapema, peke yake, siku ya maziko: anayemdai ajitokeze kwa warithi. Deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, kwa hiyo si jambo la kungoja arobaini.

Uwe mfupi, dakika tano au sita. Usome kwa sauti nyumbani kwanza, mbele ya mtu aliyemjua marehemu, na pale anapokunja uso, simama umuulize. Usomwe kabla ya dua, si baada ya chakula, watu wakiwa wanatafuta viatu. Mchague msomaji asiyelia haraka. Andika kwa herufi kubwa, maana mwanga wa turubai ni mdogo.

Kwa ndugu zetu Wakristo, wasifu husomwa siku ya maziko yenyewe, na hapo hakuna siku thelathini na saba. Nawaambia waanze mzee angali hai. Mwekee simu karibu siku ametulia, muulize habari za kazi yake ya kwanza, urekodi. Nami natamani ningefanya hivyo.

Nakala moja nilimpa kaka, ya pili iko kwa kamati ya msikiti pamoja na mkasi, ambako mpwa wangu anafundishwa kupima. Ya tatu nimeikunja ndani ya msahafu wa Babu, na pale kwenye jalada, chini ya mwandiko wake wa 1361, nimeandika kwa wino mweusi: Mfungo Mosi 1440.