Kupima ushahidi wa anwani ya IP katika kesi ya uharamia wa muziki

Anza na saa. Mtoa huduma wa intaneti anaweza kumpa mteja mwingine anwani ileile ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) baada ya muda mfupi, hivyo rekodi yenye saa isiyo sahihi humtia hatiani asiyehusika. Dai muda hadi sekunde, kwa UTC (saa ya marejeo ya kimataifa), pamoja na namba ya poti (namba inayotenganisha miunganisho ndani ya anwani moja): pale wateja wengi wanapotumia anwani moja ya umma, bila poti huwezi kuwatofautisha.

Kisha uliza anwani ilipatikanaje. Orodha ya traka (seva inayoorodhesha anwani za wanaoshirikiana faili) pekee haitoshi kabisa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kuwa anwani ya mtu inaweza kupachikwa humo bila yeye kupakua chochote; hata printa zilitumiwa barua za madai. Ushahidi wenye uzito ni pakiti (vifurushi vya data vinavyosafiri mtandaoni) zilizonaswa zikionyesha vipande vya faili vikitoka kwenye anwani hiyo. Vilinganishe kwa hashi (alama fupi inayokokotolewa kutokana na data, ambayo hubadilika data ikibadilika) na faili kamili, kisha wimbo usikilizwe, kwa sababu jina la faili halithibitishi kilichomo.

Diski ya kompyuta inayochunguzwa inakiliwe kupitia kifaa cha kuzuia uandishi, na hashi ya SHA-256 (aina mojawapo ya hashi) ichukuliwe kabla na baada ya uchunguzi. Kuwasha kompyuta tu hubadilisha tarehe za mafaili.

Bado IP hukufikisha kwa mwenye akaunti, si kwa aliyeketi kwenye kibodi. Kagua nywila ya Wi-Fi na vifaa vilivyounganishwa. Hifadhi rekodi za ruta mapema: ruta nyingi huzipoteza zikizimwa.